Kunata, Kushikamana na Kuambata: Maelezo juu ya Plazma na Uso wa Plastiki

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Lindi kwa njia ya nchi kavu, akiisha kupita Kibiti na kabla ya kufika daraja la Mto Rufiji, huukuta mji wa Ikwiriri, na humo imo kata ya Umwe. Hapo Umwe, kama katika miji mingi ya pwani yetu, mafundi wa baiskeli hufanya kazi zao kando ya njia, chini ya miembe. Siku moja nilikaa karibu na fundi mmoja nikimtazama akiziba pancha. Kabla hajamaliza alikuja mama mmoja na beseni la plastiki lenye ufa wa kiasi cha shibiri, akamwomba alitie gundi ile ile. Fundi alitabasamu, akasema, "Mama, gundi hii hailishiki beseni. Nitalishona." Akatia msumari motoni, akatoboa vitundu kandokando ya ufa, akaupitisha uzi wa nailoni mpaka ufa ukafumbana. Nilipomwuliza sababu alinijibu, "Mwalimu, plastiki haishiki gundi. Ndivyo ilivyo."

Jawabu hili ni la mtu aijuaye kazi yake, wala sina la kumsahihisha katika kushona kwake. Lakini maneno "ndivyo ilivyo" yatupasa kuyatazama, kwa kuwa ndipo maelezo yanapokoma. Kilichomshinda fundi si gundi, bali ni uso wa beseni. Na viwandani uso huo hugeuzwa kwa muda wa sekunde chache, ukakubali gundi, rangi na wino. Njia mojawapo ya kuugeuza ni kuupitishia plazma. Katika makala hii nakusudia kueleza kwanza kwa nini plastiki nyingine hukataa gundi, kisha plazma ni nini na huifanyia nini plastiki, na mwisho kutazama maneno ambayo Kiswahili kinayo kwa mambo haya. Nitaonyesha kwamba lugha yetu imekwisha kutenga mambo mawili ambayo mara nyingi sisi wenyewe huyachanganya tunapoandika sayansi.

1. Kazi ya fundi wa pancha

Tuanze na kile ambacho gundi hukiweza. Fundi akiisha kuliona tundu, hufuta maji, hukwangua mpira kwa msasa mpaka weusi wake unaong'aa ufifie, hupangusa vumbi, hupaka gundi, kisha husubiri. Asiyejua hudhani anapoteza wakati. La, anangoja kiyeyusho kilichomo katika gundi kitoke hewani, mpaka gundi ikiguswa kwa kidole inate. Hapo ndipo hubandika kiraka na kukigandamiza kwa nguvu.

Kila hatua ina maana yake. Msasa huondoa uchafu na tabaka kuukuu la mpira, na huacha mikwaruzo ambamo gundi hupata pa kuingia. Kiyeyusho huulainisha mpira, hata minyororo ya molekuli za gundi na ile ya mpira ikaingiliana kidogo, mfano wa nyuzi za vitambaa viwili zilizosukwa pamoja. Kugandamiza hufukuza hewa na kuzikaribisha nyuso mbili kabisa. Tutaona kwamba ukaribu huo ndio msingi wa jambo lote, kwa sababu nguvu zinazoishikisha molekuli moja na nyingine hufanya kazi katika umbali mdogo mno. Vitu viwili visivyogusana hasa haviwezi kushikana, hata gundi iwe bora namna gani.

2. Kwa nini beseni hukataa

Kwa nini basi kazi hiyo hiyo haifai katika beseni? Mabeseni, ndoo na madumu mengi hufanywa kwa polithini au polipropilini. Polithini iligunduliwa mwaka 1933 Uingereza, katika maabara ya kampuni ya ICI. Polipropilini ya namna itumikayo leo ilipatikana mwaka 1954 kwa kazi ya Giulio Natta wa Italia, ambaye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1963 pamoja na Karl Ziegler wa Ujerumani. Msomaji wa Kiswahili hatakosa kutabasamu akiona kwamba mtu mwenye jina la Natta ndiye aliyetuletea kitu kisichonata.

Plastiki hizi mbili zimejengwa kwa kaboni na hidrojeni tu. Katika minyororo yake mirefu hamna mahali penye umeme uliozidi upande mmoja na kupungua upande mwingine, yaani hamna kishikio ambacho molekuli ya gundi ingeweza kukishika. Tena haziyeyuki katika viyeyusho vya gundi za kawaida kwa joto la kawaida, kwa hiyo ule usukaji wa minyororo tuliouona katika mpira hautokei.

Dalili yake huonekana kwa macho. Tone la maji likianguka juu ya jani la jimbi hujikusanya likawa kama shanga, likabingirika bila kulilowesha jani. Juu ya beseni la polithini tone halibingiriki hivyo, lakini nalo hukaa limejikusanya wala halitandazi. Wataalamu hupima jambo hili kwa nguvu ya uso, ambayo hesabu yake ni milinyutoni kwa mita. Maji yana kiasi cha 73. Polithini ina kiasi cha 31, na polipropilini kiasi cha 30. Kanuni ya jumla ni kwamba kimiminika hutandaa juu ya kitu kigumu kama nguvu yake ya uso haiizidi ya kitu hicho. Gundi ya epoksi, ambayo ina kiasi cha 45, ikimiminwa juu ya polithini hujikunyata badala ya kutandaa, na ikikauka huwa imeshika sehemu ndogo tu. Kwa hiyo hubanduka yote kwa pamoja, kavu na safi, kama ganda la kidonda kilichopona.

Hapa pana jambo la kuangaliwa. Kando ya barabara ile ile ya Umwe yumo fundi bomba, naye huunga mabomba ya plastiki kwa gundi kila siku, na maji hayavuji. Je, fundi wa baiskeli amesema uongo? Hapana. Bomba lile ni la PVC, ambayo ndani yake imo klorini. Nguvu yake ya uso ni kubwa zaidi, kiasi cha 39, na zaidi ya hayo gundi yake ina kiyeyusho kinachoiyeyusha PVC yenyewe. Mafundi hawa wawili wasema kweli juu ya vitu viwili mbalimbali, na neno moja "plastiki" ndilo linalowafanya waonekane kana kwamba wanapingana.

3. Plazma ni nini

Barafu ikipashwa moto huwa maji, na maji yakipashwa moto huwa mvuke. Gesi nayo ikipewa nguvu nyingi zaidi, kwa joto au kwa umeme, baadhi ya atomu zake hunyang'anywa elektroni. Hapo huwa na mchanganyiko wa elektroni zilizo huru, ioni, vipande vya molekuli vyenye uchu wa kuungana na kitu chochote, na mwanga. Hali hii ya nne ndiyo plazma. Jua na nyota ni plazma, njia ya radi angani ni plazma, na ndani ya taa ndefu za mirija zilizotumika sana katika maduka na ofisi zetu imo plazma pia.

Jina hilo alilitoa Irving Langmuir wa Marekani mwaka 1928. Asili yake ni Kiyunani, na shina lake ni kitenzi chenye maana ya kufinyanga. Shina hilo hilo ndilo lililozaa neno plastiki. Plastiki ni kitu kinachofinyangika, na plazma, kwa maana yake ya kwanza, ni kitu kilichofinyangwa. Maneno haya mawili ni ndugu wa tumbo moja waliopoteana, wakakutana tena kiwandani. Waandishi wengine wa Kiswahili hutumia neno utegili kwa maana hii. Lakini utegili hutumika pia kwa maji ya damu, na mwanafunzi aweza kudhani kwamba mambo hayo mawili yana uhusiano. Kwa sababu hiyo katika makala hii natumia plazma.

Msomaji atauliza kwa haki: kitu chenye moto wa jua hakitaliyeyusha beseni? Jawabu ni kwamba viwandani hutumika plazma baridi. Katika plazma hii elektroni peke yake ndizo zenye joto la maelfu mengi ya nyuzi, na gesi nyingine hubaki karibu na joto la chumba. Mfano wake ni cheche zirukazo fundi anaponoa panga kwa jiwe la mashine. Kila cheche ni moto mkali, lakini ikiangukia mkono haiunguzi, kwa kuwa ni ndogo mno na joto ililobeba ni kidogo. Elektroni ni nyepesi mara maelfu kuliko atomu, na hivyo zaweza kuwa na kasi kubwa bila kuipasha gesi nzima.

4. Plazma huifanyia nini plastiki

Kitu cha plastiki huwekwa katika chumba kilichotolewa hewa karibu yote, ikaingizwa gesi kidogo, tuseme oksijeni, na umeme ukapitishwa. Namna nyingine ni kupuliza plazma kama ulimi wa mwanga juu ya kitu katika hewa ya kawaida. Yaliyo jamaa ya haya ni kupitisha karatasi ya plastiki chini ya umeme wenye volteji kubwa, na kuipitishia ndimi za moto kwa haraka. Njia hizi mbili zimetumika viwandani tangu miaka ya 1950. Wino ulio juu ya pakiti za plastiki za maziwa na sukari hushika kwa kawaida kwa sababu ya kazi ya namna hii.

Mambo manne hutokea. La kwanza, mafuta na uchafu mwembamba usioonekana huunguzwa ukaondoka kama gesi. La pili, uso huchubuliwa kidogo, ukapata vijishimo vidogo sana. La tatu, minyororo ya molekuli iliyo juu huunganishwa baadhi yake kwa baadhi, na tabaka la juu lililokuwa dhaifu likapata nguvu. La nne, nalo ndilo kubwa, hidrojeni hung'olewa katika minyororo na mahali pake hupandikizwa vikundi vyenye oksijeni. Hivyo ndivyo vishikio ambavyo polithini haikuzaliwa navyo. Sasa tone la maji hutandaa, na nguvu ya uso iliyokuwa 31 huweza kupita 50. Gundi hulowesha uso wote, ikaukaribia, ikaushika.

Lililo la ajabu ni udogo wa badiliko hili. Kina chake kwa kawaida hakifiki nanomita 10, na unene wa unywele mmoja wa mtu ni kiasi cha nanomita 80,000. Chini ya ngozi hiyo nyembamba beseni ni lile lile: uzito wake, rangi yake na ugumu wake havikubadilika. Bampa la gari la polipropilini hushika rangi kwa ajili ya ngozi hiyo, na visahani vya plastiki ambamo wataalamu wa tiba hukuza chembe hai huzishika chembe hizo kwa ajili ya ngozi hiyo hiyo.

Isidhaniwe kuwa plazma haina mipaka. Kwanza, kazi yake hupungua kwa muda. Minyororo ya plastiki haitulii kabisa, nayo polepole huvigeuza vile vishikio kuelekea ndani, hata baada ya siku au majuma uso ukaanza kurudia hali yake ya zamani. Kwa hiyo kitu kilichopitishiwa plazma yafaa kitiwe gundi mapema. Pili, plazma ikizidi hukatakata minyororo ikawa vipande vifupi, na juu ya uso hubaki tabaka dhaifu kama vumbi; gundi hulishika vumbi hilo vizuri, na vumbi lenyewe ndilo linaloachana na plastiki. Tatu, plazma si gundi. Huandaa mahali pa kushikwa, wala yenyewe haishikishi.

5. Maneno yetu

Sasa tuje kwenye lugha. Katika elimu hii hapana budi kutenga nguvu mbili. Moja ni ile inayokifanya kitu kimoja kiwe kizima, sehemu zake zisiachane. Nyingine ni ile inayovifanya vitu viwili vya asili mbalimbali vishikane mahali nyuso zao zinapokutana. Gundi iliyo imara yenyewe yaweza kushindwa kabisa kulishika beseni, na gundi inayolishika beseni yaweza kuwa dhaifu yenyewe. Katika kufundisha, nguvu zote mbili huitwa mara nyingi mshikamano, na hapo ndipo mwanafunzi hupotea.

Kiswahili hakina upungufu hapa. Wanasarufi wamekwisha kuonyesha kwamba katika vitenzi vyetu vimo viambishi viwili vya kale. Kimoja ni -ma, chenye maana ya kukaa katika hali: ganda hutoa gandama, funga hutoa fungama, na shika hutoa shikamana. Kutoka gandama twapata gandamiza, neno la fundi wetu. Kingine ni -ta, chenye maana ya mguso: fumba hutoa fumbata, kama (yaani kuminya) hutoa kamata. Katika jamaa hii wamo ambata na nata. Mgawanyo huu wafanana sana na ule wa sayansi. Basi naona yafaa mshikamano ubaki kwa nguvu ya kitu kimoja, na mwambato utumike kwa nguvu baina ya nyuso mbili. Kunata kuachwe kwa hali ile ambayo fundi huipima kwa kidole, yaani gundi mbichi kushika mara iguswapo. Hali hiyo si mwambato bado, kwa kuwa kitu chaweza kunata sana leo na kubanduka kesho.

Mgawanyo huu waonekana pia katika kuachana. Bandika hupinduliwa ikawa bandua, na mwisho wake ni banduka: uso umeachana na uso. Pasuka na katika ni mambo ya ndani ya kitu kimoja. Nilimwonyesha fundi wa Umwe viraka viwili vilivyoachia, nikamwuliza kila kimoja kimepatwa na nini. Cha kwanza alisema, "Hiki kimebanduka, hawakukwangua." Cha pili, ambacho gundi yake ilionekana pande zote mbili, alisema, "Hapa gundi imekatika yenyewe, ni mbovu." Hakusoma kitabu chochote cha jambo hili. Lugha yake ilimtosha kutambua ugonjwa na kutaja dawa: katika hali ya kwanza mtu autengeneze uso, katika hali ya pili abadili gundi. Tukimfundisha mwanawe shuleni kwa neno moja tu, tutakuwa tumempokonya ujuzi wa baba yake.

Liko neno jingine la nchi hiyo ambalo laweza kutufaa. Katika karne ya 19 sandarusi ya pwani hii, na ya Rufiji miongoni mwake, iliuzwa Unguja na kupelekwa mpaka Salem katika Marekani kufanywa vanishi. Ile bora ilichimbwa ardhini, nayo ilioshwa kwa maji ya magadi makali ili ganda lake litoke na uso wake ulio kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa uonekane. Hata wakati huo, basi, bei ya kitu ilitegemea uso wake. Utomvu mbichi, ambao haukukomaa ardhini, uliitwa chakazi. Richard Burton, katika kitabu chake cha mwaka 1860, aeleza kwamba wafanya biashara wa Unguja waliliharibu neno hilo wakaligeuza kuwa jina la punda kwa Kiingereza. Kwa gundi au epoksi ambayo haijakomaa, sioni neno lililo bora kuliko chakazi, nalo lingerudi nyumbani likiwa na heshima yake.

6. Mwisho wa maneno

Huenda mtu akasema kwamba mashine za plazma haziko Umwe, na kwamba maelezo haya ni ya nchi za mbali. Lakini plastiki yenyewe iko Umwe, na imekwisha kuingia hata katika vyombo vya bahari. Mwaka 2018 huko Lamu fundi Ali Skanda na wenzake walishusha majini jahazi la FlipFlopi, lenye urefu wa mita 9, lililoundwa kwa plastiki na makubadhi yaliyotupwa. Walikuwa wameiyeyusha plastiki, wakaimimina, wakaichonga kwa mikono kama mbao, na mwaka 2019 jahazi hilo lilisafiri mpaka Unguja. Watu wanaoweza hayo hawatakosa kuuliza namna ya kuunga, kupaka rangi na kuziba, na watauliza kwa Kiswahili.

Tena elimu hii haihitaji mashine ili ianze kufaa. Chini ya vyombo vingi vya plastiki pamechapwa namba katika pembetatu: 2 ni polithini ngumu, 3 ni PVC, 5 ni polipropilini. Fundi aijuaye namba hiyo hatapoteza gundi juu ya beseni, wala hatashona bomba. Atajua pia kwamba msumari wake wa moto, ukitumiwa kuyeyusha kingo za ufa pamoja na kipande cha plastiki ya jinsi ile ile, huunganisha polithini kwa polithini bila gundi yoyote. Hapo haombi mwambato, bali mshikamano.

Maneno niliyoyapendekeza nayaweka mbele ya wasomaji wayapime. Wakiyaona hayafai, watoe yaliyo bora; lakini mambo mawili yasiachwe chini ya neno moja, kwa sababu fundi wa Umwe hayaweki hivyo.